Mizani ya Mwaloni

Miaka kumi na tisa napima dagaa Mwaloni, Kirumba.
Mchanga naujua gunia likiwa bado limeshonwa:
bega ndilo huniambia, si mshale.
Juzi Mafuru kaleta magunia saba kutoka Ukara,
moja likaninong'oneza. Nikalimwaga turubaini,
nikapepeta, na mchanga huo, debe zima.
Akacheka. Nami nikacheka, nikamkata kilo.

Limi, mwanangu, alikaa juu ya ndoo,
daftari la chuo magotini.
Mama, akasema, hata mbingu zimepimwa.
Na ndoano wameifunga wapi?
Kwenye mwendo. Nyota za pembeni
zinazunguka kwa kasi ya kuchomoka
na hazichomoki.
Jumlisha kila king'aacho, na vumbi, na sisi,
unapata kilo moja. Mshale unasoma sita.

Mwaga, nikamwambia. Pepeta.
Wamemwaga, Mama. Hakuna punje.

Usiku umeme ukakatika Mabatini.
Tukakaa juu ya jiwe lililobeba nyumba yetu,
ziwani taa tupu, mitumbwi yenyewe imemezwa,
akanisimulia mwanzo.
Palikuwa na moto tu, mzito kama uji unaotokota,
nuru imo ndani, inagonga kila kitu,
haitulii, haitoki.
Ila kile kisicho na jina hakikuijali nuru.
Hakikusukumwa. Kikajikusanya polepole,
kikachimba mabonde yake gizani
kwa miaka karibu laki nne, nuru haijapata njia.
Ndipo sisi wengine tukatiririkia humo
kama maji ya masika yanavyoujua Mirongo.

Kilitoka wapi? Hajui.
Ni chembe? Labda. Ni mashimo meusi,
madogo, mazee kuliko nyota? Labda.
Walimu wa walimu wake wameshuka migodini,
chini kama wachimbaji wa Geita,
wamekaa kimya wakisubiri kigonge kitu.
Hakigongi.
Kinapita jiwe hili, Mama. Kinapita mapaja yako.

Nikajishika mapaja.
Muda wote huo, nakiri,
nilikuwa namtafuta wa kumkata kilo.
Moja kati ya sita. Nikaipiga tena kwa vidole.
Limi, nikasema, kwa hesabu hiyo
mchanga ni sisi.

Hakujibu. Alizima tochi ya simu,
kuokoa chaji.