Daftari la Mayai

Mayai themanini na manane hayajui siasa ya umeme.
Yanajua nyuzi thelathini na saba na nusu,
na kwa siku ishirini na moja
hayataki kusikia habari nyingine.

Nyaya mbili zinaingia chini ya bati langu hapa Makambako,
mmoja wa gridi, mmoja wa mitambo ya mlimani.
Ndiyo maana nina daftari.
Nimelipiga mistari kwa rula ya Tulalumba:
huku Gridi, huku Upepo,
na pembeni, kwa penseli, Jenereta,
kama kuna hela ya dizeli.

Fundi Odilo Nyagawa alikuja na koti la kampuni,
akakaa juu ya gunia la pumba, akanifundisha:
"Upepo si wa kutegemewa, mama. Leo upo, kesho haupo.
Umeme ni maji. Umeme ni gesi."
Nikamfungulia Juni.

Tarehe nne, upepo ulianza kuchoka saa kumi jioni.
Mapanga yakazunguka polepole
kama mtu anayetafuta neno alilolisahau,
nami nikapata muda wa kuchemsha maji,
kujaza madumu, kuyasukuma chini ya trei.
Upepo ukiondoka, huaga.

Tarehe tisa, gridi.
Haikupungua, haikukohoa.
Nilishika kijiko cha uji, kijiko kikapotea mkononi.
Nguzo moja ilikuwa imelala huko, sijui wapi,
na mji mzima ukawa kipofu kwa kosa la nguzo hiyo.
Mayai kumi na tisa hayakuamka.

"Huo ni usiku mmoja," akasema.
Kweli. Nami si mwongo, nikarudisha kurasa mpaka Machi:
siku sita ukungu umeukalia mji kama mfuniko wa sufuria,
mapanga yamesimama, kunguru ametua juu ya moja,
na gridi, iliyoshiba mvua,
ikaangua trei zote mbili bila kupepesa jicho.
Nimeandika hilo pia. Kalamu yangu haina chama.

"Sasa unategemea kipi?"
Nikamwambia bwawa nalo hungoja mawingu,
na mawingu hayaji kwa miguu.
Oktoba, maji yakishuka mpaka visiki vya zamani vinaota jua,
ndipo upepo huku unapong'oa bati la jirani.
Mmoja akifunga, mwenzake anakula.
Odilo akacheka,
lakini nilimwona akinakili tarehe
nyuma ya kitabu cha stakabadhi.

Kuna ukurasa sikumwonyesha.
Mei. Upepo kimya, gridi kimya, dumu la dizeli kavu,
na baridi ile inayoingia mpaka ndani ya meno.
Tuliyafunga mayai kwenye blanketi,
arobaini kwangu, arobaini kwa Tulalumba,
manane kwenye kofia ya sufu katikati yetu,
tukayageuza kila saa, tukilaumiana kwa sauti ya chini.
Asubuhi nilitafuta safu ya kuandika, nikaikosa.

Walitoka hamsini na mmoja.
Mmoja ana mguu uliopinda;
hunifuata mpaka dukani,
na upepo ukivuma
hujificha ndani ya sketi yangu.