Kiti 114, Safu ya R

"Mpendwa mteja," barua inaanza.
Miaka thelathini na mmoja
Doreen Ackroyd hajawahi kuwa mteja.

Tiketi ya msimu imepanda,
timu imeshuka.
Mshambuliaji kauzwa Januari;
wakurugenzi wamejijengea ukumbi wa vioo
wanamokula wakiupa uwanja mgongo.

Kiti chake kiko nyuma ya nguzo.
Huona nusu goli;
nusu nyingine humsimulia Clifford,
naye kwa chumvi hajambo.
Mwaka huu Clifford kagoma:
"Senti yangu hawaioni."

Mvua ya Yorkshire yagonga dirisha.
Doreen anaikunja barua mara nne,
anaisokomeza chini ya mguu wa meza unaocheza.

Meza imetulia.

Kisha anatafuta kadi ya benki,
akiwatukana mmoja mmoja,
kwa majina.