Daftari la Rangi, Tukuyu

Ukurasa wa kwanza. Odeti Kerbra, Mfaransa,
chumba cha uani kwa Mama Tusekile, njia ya Katumba.
Bluu ya bati, galoni moja. Nyekundu ya oksaidi, nusu.
Brashi ya inchi nne. Amelipa.
Mwandiko ni wa baba yangu, Anyelwisye,
aliyepinda herufi K kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

Baba alimuuliza: unapaka mlango au dirisha?
Akasema: napaka.
Baba akangoja jina la kitu. Halikuja.
Akadhani sentensi imemkatikia mgeni njiani.

Mengine tulikuja kuyajua tone kwa tone,
jinsi paa linavyokujulisha kwamba linavuja.
Kwao ni pwani ya mawe, baba yake alichonga misalaba ya makaburi.
Msichana alichora farasi, farasi akafanana na farasi,
wakampa cheti.
Kisha vita vikaja vikamchukua farasi mwenyewe,
yule wa shambani,
ikabaki kahawia tu, imesimama zizini mahali pake.
Toka siku hiyo hakuchora tena miguu wala mkia.

Parisi walimtundika kwenye kuta nyeupe,
wakamwandikia neno refu, wakainua glasi.
Miaka kumi walimpenda. Halafu wakapenda wengine.
Alitusimulia hayo akimenya kiazi,
na ganda lilishuka refu, halikukatika.

Kwa nini Tukuyu?
Alikuwa anapita tu. Dirishani mwa basi aliona ukungu
ukiteremka Rungwe, ukiifuta migomba mmoja mmoja,
akasema: huyu fundi kanizidi.
Akashuka na begi lake.

Ukurasa wa tisa, bluu haipo tena.
Wa kumi na nne, nyekundu imekoma.
Kijani hakununua hata siku moja:
cha dukani ni cha kusingizia, alisema,
huku chai imeota mpaka kwenye kope.
Akabaki na kijivu.
Baba akaagiza kijivu Mbeya, akakirudisha,
eti kina vumbi la barabarani ndani yake.
Basi wakachanganya wenyewe uani,
nyeupe, tone la nyeusi,
na majivu ya jikoni niliyotumwa mimi kuyachekecha.
Mama akapita na ndoo: watu wazima wawili
wanapika uji usiolika.

Mwinjilisti Mwakalobo alikwenda kutazama.
Akalaza shingo kulia, akalaza kushoto.
Hii ni nini?
Jumanne, akajibu Odeti.

Lakini Mama Tusekile alisimama mbele ya moja,
mikono bado ina unga, akasimama sana,
akasema: hii ni ile alfajiri
walipoleta habari za Lusajo kutoka machimbo ya Chunya.
Odeti hakusema kitu. Aliishusha ukutani akampa.
Ipo jikoni kwake hadi leo,
moshi unaendelea kuipaka.

Alifariki mwezi wa sita, baridi ya kukausha midomo.
Wakaja wawili kutoka kwao, wakahesabu turubai,
wakazifunga mablanketi kama vichanga, wakaondoka.
Nasikia gazeti lao liliandika
kwamba miaka ishirini ya mwisho msanii huyu alipotea.
Alipotea!
Nami ninazo Ijumaa zake zote humu,
kwa tarehe, kwa kopo, kwa chenji.

Ukurasa wa mwisho. Nyeupe, kopo dogo, moja.
Hajalipa.
Baba hakulifuta deni, na duka niliporithi
nami sikulifuta. Afisa wa kodi huweka kidole hapo,
ananitazama, ninamtazama.

Asubuhi nyingine ukungu unafika mpaka mlangoni,
unafuta pikipiki ya jirani, kisha jirani.
Mteja anaingia akipangusa miguu, anataka rangi.
Ya mlango au ya dirisha? namuuliza,
halafu nanyamaza,
nisimharakishe.