Muhuri wa Tarehe

Kazi yangu ni kugonga.
Barua ikiingia naigonga kichwani: IMEPOKELEWA,
siku, mwezi, mwaka, Halmashauri ya Wilaya, Muheza.
Miaka kumi na tisa nimegonga bila kusoma.
Msomaji yuko chumba cha pili,
mlango wenye kibao cha shaba: AFISA ELIMU.

Ya kwanza ilifika Februari, wakati wa vumbi.
Mwalimu Semkiwa wa Kwemsegu aliandika kwa mkono,
herufi zimeinama upande mmoja kama zinasukuma gari:
"Ukuta wa darasa la tatu umepasuka.
Mkono wangu unapita hadi kwenye kiwiko."
Nikagonga.
Ya pili, Machi: "Sasa naona mkonge kupitia ukutani."
Nikagonga.
Ya tatu ilikuja na picha. Nikaigonga na picha,
wino ukaangukia juu ya ufa.

Bwana Mdoe aliandika pembeni, kila moja: "Nimeona."
Neno moja.
Sikujua kwamba neno hilo lina meno.

Aprili mvua ilishuka kutoka Amani, siku tatu bila kupumua.
Siku ya nne, saa nne kasorobo, kipindi cha hesabu,
ukuta ulikaa chini.
Waliokuwepo hawasemi ulianguka. Wanasema ulikaa,
kama mtu aliyechoka kungoja jibu.
Watoto arobaini na saba walikimbia.
Mwanakombo Hiza alibebwa.
Mguu wa kushoto aliuacha Bombo, hospitalini, juma lililofuata.

Siku moja kabla ya kesi, Bwana Mdoe alikuja masjala,
ofisi zote zimefungwa.
Nikadhani ataniomba nirudishe muhuri nyuma;
tarehe ni vijigurudumu vya mpira tu,
kidole kimoja kinaweza kuifanya Februari iwe Mei.
Hakuomba.
Aliuliza: "Ile barua yangu kwa Mkurugenzi,
ya fedha za ukuta, na ya kufunga lile darasa,
ilijibiwa?"
Nikasema nitaangalia.

Niliangalia.
Ilikuwa ndani ya droo yangu, chini ya kopo la gundi,
imekunjwa vizuri, safi, haijaona jua.
Katika kitabu cha kupeleka barua
namba yake ipo. Mahali pa sahihi ni peupe.

Mahakamani wakili wa baba mtoto hakupaza sauti.
Aliinua karatasi tatu zenye duara la buluu, kazi ya mkono wangu.
"Ulijua?"
"Nilijua."
"Lini?"
"Tarehe hiyo unayoiona."
"Ukafanya nini?"

Hapo nilimngoja anitaje.
Yeyote angenitaja.
Akasema: "Niliandika. Sikufuatilia.
Kazi naweza kumkasimu mtu, mheshimiwa. Dhamana haikasimiki.
Darasa lile ningelifunga kwa simu,
ningelifunga kwa kwenda na kufuli langu la nyumbani.
Sikulifunga."
Hakimu aliandika polepole, kalamu ikisikika.

Mimi benchi la nyuma, barua ndani ya shati,
pembe yake inanikwaruza kifuani.
Mbele yangu gongo jipya limeegemezwa ukutani,
bado lina bei yake kwa chaki.
Nikasimama.
Askari akaninong'oneza: kaa.
Sikukaa.

Hukumu siisemi hapa. Iko masjala ya mahakama,
nayo ina mgongaji wake.
Nasema hili tu: siku hizi nasoma kwanza.
Leo asubuhi imeingia moja, mistari miwili,
mlango wa choo cha wasichana umekatika bawaba,
wanashikiana kanga zamu kwa zamu.
Bawaba tu.
Nimegonga. Nimefunga ofisi.
Naipeleka ghorofani mwenyewe, kwa mikono miwili,
na sitoki mlangoni pa mtu
mpaka "Nimeona"
ipate neno la pili.