Mguu wa Kwanza

Desturi hii sikuitunga mimi.
Nilipoondoka Ozurgeti, Taso alikuwa na meno ya utoto;
niliporudi alikuwa na mengine.
Katikati hapo palikuwa na Bari, ghorofa ya tano,
na Bibi Ermelinda wa watu, niliyemgeuza ubavu
kila baada ya saa mbili, hata usiku wa mwaka mpya,
fataki zikipasuka bandarini
naye akiniuliza kama ni vita.

Nyumbani nilituma pesa, kahawa, soksi,
na maelekezo kwa simu:
asali ya gozinaki ichemke mara tatu, Ramaz, usiiache,
jozi zikatwe ndogo kama ukucha wa mtoto.
Akaiacha.
Asali ikawa lami, Beso akalia kwa moshi,
mavyaa akasema heri za dukani.
Wakazila hivyo hivyo, chungu,
wakicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Picha ikaganda kwenye simu, midomo wazi,
nami nikaganda nayo, taulo mkononi.

Mwaka wa pili waliunguza kipande kimoja makusudi.
Mwaka wa tatu waligombania nani akiunguze.
Kuna nyumba hurithi mashamba;
yetu imerithi sufuria isiyosugulika.

Na chichilaki, ule ufito uliochongwa
hadi nyuzi zake zikajikunja nyeupe kama ndevu:
Ramaz alitaka kuokoa lari kumi,
akauchonga mwenyewe kwa kisu cha jibini,
ukatoka na kipara upande mmoja.
Sasa ni lazima uwe na kipara.
Beso huuvika leso usipate baridi.

Mwaka wa nne nikarudi.
Ndege hadi Kutaisi, basi dogo, theluji ya maji maji,
nikafika saa tano na nusu usiku,
mikono imejaa, moyo umenitangulia.
Nikagonga. Taso akachungulia dirishani,
akapiga yowe, akashuka mbio, kisha
sikusikia komeo. Nilisikia mnong'ono.
"Mama," akasema nyuma ya mbao,
"usiingie bado."

Usiingie bado!
Nami miaka minne kazi yangu ndotoni
ilikuwa kuingia.

Kwetu, atakayekanyaga kizingiti wa kwanza baada ya saa sita,
mguu wake ndio mwaka mzima.
Zamani tulimwomba Severiani wa ng'ambo ya barabara.
Nilipoondoka, Taso alimkataa yeye na kila mtu.
Huweka viatu vyangu vya zamani nje ya mlango,
vimejazwa peremende,
na saa sita ikigonga huvibeba ndani,
cha kulia kwanza.

Vilikuwepo. Vile vya kahawia, soli imeachama,
theluji imevikalia ncha,
nami kando yake katika buti za Kiitaliano,
tukingoja kama abiria wawili wasiosalimiana.

Nikavua buti. Nikamimina peremende mfukoni.
Vilinibana: kila Januari wamevikausha jikoni,
vikasinyaa kwa kutunzwa.

Kengele, fataki, mbwa wa mtaa mzima.
Nikagonga mara tatu.
"Nani?" wakauliza wote, kana kwamba hawajui.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
lakini mgeni akiwa ndiye mwenyeji, apone nani?
Nikasema tusemavyo:
mguu ni wangu, wayo ni wa malaika.
Nikatanguliza wa kulia.

Ndani kulinuka asali iliyoungua.
Kipande cheusi kilikuwa kwenye sahani yangu.
Nikatafuna, jino likalalamika.
"Haijaungua vya kutosha," nikasema,
na mavyaa, asiyenichekea tangu harusi,
akaziba uso kwa aproni.

Beso hakucheka.
Alitazama viatu, akanitazama mimi,
akarudi kwenye viatu.
"Na mwakani," akauliza, "nje tutaweka nini?"
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa bado nimevivaa.