Asilimia

Barua ilipanda Newala pamoja na ukungu wa Julai.
Mhudumu wa shule aliniletea darasani,
mkono huu barua, mkono ule chaki nilizoagiza.
"Ndugu Somoe H. Likwata," ilianza, kwa adabu,
adabu ya mtu anayebisha hodi huku keshaingia.

Nikaisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa.
Milioni moja, laki moja na themanini na tatu elfu,
na mia mbili.
Hiyo mia mbili ndiyo iliyonichoma.
Milioni ni kubwa, macho hayafiki mwisho wake;
mia mbili naijua kwa sura,
ni andazi moja la Mama Nachenga pale getini,
na hata hilo wamelihesabu.

Mimi sikwepi. Mimi hukatwa!
Karatasi yangu ya mshahara ina chale
kuliko uso wa bibi yangu, Mungu amrehemu.

Kosa liko ukurasa wa pili:
Jumamosi na Jumapili nilifundisha shule ya binafsi,
laki tatu na nusu kwa mwezi,
nao walinikata, kidogo, kwa huruma,
maana kila mwajiri alinihesabu wake peke yake.
Nilikuwa bwana wa mitala kwa siri:
nyumba hii inampakulia ikijua hajala,
nyumba ile inampakulia ikijua hajala,
mwisho wa mwaka tumbo linasema kweli.

Na pesa zenyewe?
Ziko Kitangari, juu ya jiko la mama,
bati kumi na nne, zimeshapigwa misumari.
Bati lililotobolewa halirudi dukani.
Mvua ya kwanza mama alinipigia simu, hakusema neno,
aliiinua tu juu, nisikie.

Huku kwetu tunaijua kangomba:
korosho bado maua, mwenyewe keshakula bei.
Nimewacheka wengi.
Yangu imekuja kinyumenyume,
nimevuna, nimekula, nimeosha na vyombo,
ndipo mwenye kipimo akatokea.

Usiku nilihesabu tena, kwa kalamu nyekundu
ninayosahihishia ya watoto.
Nilitaka sana wawe wamekosea.
Hawakukosea.
Miaka kumi na tisa nafundisha asilimia
na sikuwahi kujiuliza: asilimia ya nani?

Na hili nalo likaniharibia hasira:
mshahara wangu hutoka mfuko huohuo.
Maji yanatoka kisimani, yanapita kooni mwangu,
yanarudi kisimani.
Kumbe mimi ni kata tu.

Nikashuka Mtwara kwa basi la saa kumi na moja alfajiri,
bahasha kwapani, ming'oko ya kuchemsha mfukoni.
Kijana wa dirishani alisoma jina, akasimama.
"Mwalimu. Chiputa. Kidato cha Pili B."
Sikumkumbuka. Nilisema namkumbuka.
"Ulinipa sifuri kwa kutoonyesha njia," akasema,
akageuza karatasi, akanionyesha njia,
mstari kwa mstari, bila kuruka hata mmoja.
Dawa ya deni kulipa, naam,
lakini mgonjwa kwanza apumue:
tukaandika awamu kumi.
Tarehe moja moja nitakuwa nalipia mvua ya mama.

Jumatatu niliandika ubaoni:
Mtu ana waajiri wawili. Wa kwanza anamlipa kiasi hiki,
wa pili kiasi hiki. Tafuta kodi anayodaiwa.
Onyesha njia.
Kimya, kalamu zinakwaruza.
Kisha Zuhura Mnalima, yule wa dawati la nyuma
asiyeulizaga kitu, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, akishalipa, huyo mtu anakula nini?"

Nikageukia ubao, nikafuta kona iliyokuwa safi tayari.
Siku hiyo kengele ilichelewa kulia.