Talaka ya Tatu

Talaka ya kwanza niliitamka Wete, benchi la nje ya hospitali.
Bi Zuwena, muuguzi, alikuwa amenipa kibomba nipulize;
nikapuliza, na mshale ukaona haya kupanda.
"Faki," akasema, "kifua chako kinalia kama bawaba ya kutu."
Basi nikamwacha. Siku nne.
Siku ya tano nikamrejea dukani kwa Hemed,
rejareja, kijiti kimoja,
bila mahari wala mashahidi.

Talaka ya pili ilikuwa juu ya mkarafuu,
shamba la Mtambwe, msimu mkubwa.
Zamani nikichuma huku naimba, mti wa tatu wanaitikia.
Siku ile, tawi la nne, pumzi ikaniomba ruhusa ishuke.
Nikashuka nayo.
Kohozi lilikuwa na uzi mwekundu;
nikalifukia kwa kisigino, kama paka.
Mara hii nilifika wiki tatu,
hadi arusi ya binamu yangu, mtu akaniwashia,
na mkono ukapokea kabla sijaulizwa.

Raya, mke wangu wa ndoa, hakugomba.
Alisema tu, huku anakunja kanga:
"Mke mwenzangu huyu hapiki, hafui, hazai,
na bado ndiye anayelala katikati."

Ramadhani ikaja.
Adhana ya magharibi, tende mikononi mwa wanangu,
uji unafuka moshi wake wa halali,
nami niko nyuma ya choo, nafuturu kwa kiberiti.
Ndipo nikajiuliza: yakhe,
kama tangu alfajiri nimeweza,
nani kaniambia usiku una nguvu kuliko mchana?

Ya tatu niliitoa mbele ya watu, nisiwe na pa kurudi.
Mwanamume hakai eda. Mimi nilikaa.
Baraza la kahawa nikalihama.
Kiberiti nikamkabidhi Raya.
Mfukoni nikatia karafuu kavu,
mkono ukipapasa uikute hiyo,
ulimi uungue kidogo, utulie.
Nilimgombeza Raya, niligombeza hata kuku.
Kikohozi kilizidi kabla ya kupungua;
Bi Zuwena akasema, "Nyumba inafagiwa, vumbi lazima litimke."
Nikajifunza kwamba uchu ni mgeni wa kuomba chumvi:
usipompa kiti, dakika chache tu, anaaga.
Usiku mmoja aligonga saa tisa.
Nikanywa maji, nikatoka uani,
nikahesabu mabati ya jirani mpaka akachoka yeye.

Mwaka huu nimefika tawi la sita.
La saba sijalijaribu.

Bado namwona, kwa Hemed, kwenye kopo karibu na peremende,
kavaa nyeupe kama bibi arusi wa jana.
Juzi alikuwa vidoleni mwa mtoto wa Shaame,
miaka kumi na minne, ndevu hazijapata habari zake.
Nilimwita. Akajifanya hasikii.
Nilitaka kumwambia neno moja tu:
huyo, mwanangu, hana eda.
Mumewe huzikwa adhuhuri;
alasiri yuko dukani,
anaposwa.